Ndege wa Ngazija, Ndege wa Nzuwani

Tumemzika Anti Rispa juzijuzi, na kazi ya kugawa nguo zake nimeachiwa mimi. Wengine walisema wamechoka. Mimi nilikuwa nimechoka kuwashinda, lakini katika familia yetu nimezoea kutosema, kwa hiyo nikavuta sanduku lake la bati kutoka chini ya kitanda na kulifungua peke yangu. Harufu ikanipiga usoni kabla hata sijaona nguo. Ni ile harufu kali, yenye utamu wa mbali, ya vidonge vyeupe ambavyo watu huweka kwenye nguo ili zisiliwe na nondo. Ilibidi nikae kitandani. Nyinyi wa rika langu mnajua jambo hili: unaweza kusahau sura ya mtu uliyempenda, ukasahau hata sauti yake, kisha harufu moja ya kipuuzi ikakurudisha mpaka mlangoni kwake.

Kwangu mimi hiyo ni harufu ya baba.

Tulikaa Kibera, chumba kimoja cha udongo na mabati, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe vinagongana rafuni. Baba alifanya kazi upande wa pili wa mji, juu kilimani, katika jumba wanamohifadhi ndege na wanyama waliokufa. Yeye alikuwa wa ndege. Aliwachuna, akawajaza pamba, akawashona tumbo kwa uzi mwembamba na kuwalaza chali katika droo ndefu za mbao, kila mmoja na karatasi ndogo imefungwa mguuni. Jioni alirudi na koti lake la kaki likinuka vile vidonge, akavua viatu mlangoni, akakaa kitambo kitandani. Mama aliijua ile dakika. Alimsogezea maji ya kunawa na kumwacha.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu kuhusu kazi ile. Niliwahi kumsikia akimwambia mama kwamba leo ameshona ndege wanne na Daktari amefurahi. Basi, katika akili yangu ya darasa la tatu, nikajua baba anafanya kazi hospitali ya ndege. Ndege wagonjwa wanaletwa, wanashonwa na kulala chini ya dawa inayonuka, na siku moja wanaruka. Niliwaambia hivyo watoto wa mtaani na hakuna aliyebisha.

Mwaka ambao mama alianza kukohoa, maneno hayo yalinipa matumaini. Alikonda polepole, kama sabuni inavyokwisha, mpaka siku moja wakamlaza hospitali. Shule zilikuwa zimefungwa na baba hakuwa na mtu wa kuniachia. Akanifunga sweta vifungo, akakosea kimoja, tukaenda naye kazini.

Chumba chake kilikuwa kirefu na baridi. Dirishani, mbele ya meza pana, alisimama mwanamke mrefu wa kizungu mwenye mvi, nywele amezifunga kwa kitambaa kama mama wa sokoni. Huyo ndiye alikuwa Daktari. Kiswahili alijifunzia visiwani na pwani, kikanyooka mno kwa masikio yetu ya Kibera.

"Hujambo, mwanangu?" aliniuliza, nami nikamtazama baba, kwa sababu kwetu mtu akikusalimia hivyo unadhani amekufananisha na mtu mwingine.

Mezani kulikuwa na sinia mbili zenye ndege wadogo wa vichakani, wenye rangi ya majani yaliyokauka, midomo myembamba kama sindano. Niliangalia sinia hii, nikaangalia ile.

"Si ni ndege mmoja?" nilimuuliza baba.

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe," alisema. "Hawa wametoka Ngazija. Hawa wengine Nzuwani. Ni visiwa viwili, kimoja ukikaa juu ya mlima wake unaona kingine, lakini katikati ni maji. Zamani watu waliwapa wote jina moja. Sasa Daktari anawalinganisha aone kama ni mmoja kweli, ama ni wawili."

"Na wao wenyewe hawajui?"

Baba alicheka kidogo. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mama alazwe, na kilikwisha haraka.

Siku zile nilikaa pembeni mwa ile meza nikitazama. Daktari alichukua mmoja wa Ngazija, akaweka rula kwenye mkia, akasoma kwa sauti, baba akaandika. Kisha mmoja wa Nzuwani. Mkia wa Nzuwani ulizidi. Ulizidi kidogo sana, urefu wa ukucha wangu labda, lakini ukiwalaza pamoja unaona. Baada ya hapo mdomo, bawa, mguu. Kisha rangi ya kifua, ambayo aliitazama dirishani mpaka macho yakamtoka machozi. Mchana alitoa mashine ndogo ya kaseti na kutuchezea sauti alizonasa huko visiwani. Wa Ngazija aliimba, wa Nzuwani akaimba. Mimi sikusikia tofauti.

"Kule Nzuwani," Daktari aliniambia, "nilimchezea ndege mmoja sauti ya huyu wa Ngazija. Akaja mpaka tawi la karibu. Akasikiliza. Halafu akaenda zake."

"Kwa nini akaenda?"

"Sijui. Labda alisikia kwamba si mwenzake."

"Lakini wanafanana!"

"Wanafanana sana," alisema. "Walikuwa wamoja zamani. Ila kila mmoja amekaa kwake muda mrefu."

Nilielewa nilichotaka kuelewa. Nilielewa kwamba yupo Daktari ambaye viumbe wawili wanaofanana wakiletwa mbele yake, yeye ndiye husema kama ni mmoja. Akisema ni mmoja, wanakuwa mmoja.

Mama hakurudi kutoka hospitali. Tulimsafirisha mpaka nyumbani kwa baba, karibu na ziwa, na mengi ya siku hizo yamenipotea, isipokuwa hili moja. Jeneza lilikuwa limeshafukiwa. Watu walikuwa wananawa mikono. Nikainua macho, nikamwona mama amesimama kando ya ghala, leso kiunoni, mkono shavuni, kama alivyosimama kila mara akingoja chungu kichemke. Nilikimbia nikamkumbatia miguu, nikapiga kelele kwamba wamezika mtu asiyehusika.

Alikuwa ni Rispa, mdogo wake mama. Mama alimzidi miaka mingi, lakini sura ilikuwa moja. Alikuwa amekaa Kericho kwa ndugu zake miaka yote na sikuwahi kumwona. Hakunisukuma, lakini hakunikumbatia pia. Alisimama tu, mikono hewani, kama mtu aliyemwagikiwa na kitu na hajui ajifute na nini.

Siku chache baadaye wazee waliketi. Baba Mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyezungumza.

"Nyumba ya Dorina haiwezi kufungwa," alisema, akimtaja mama kwa jina. "Mdogo wake yupo. Ataishika." Kisha akaniita. "Achieng', huyu sasa ndiye mama yako. Mwite Mama."

Hakuna aliyemuuliza Rispa kama anataka kuolewa na shemeji yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Baba alikuwa ameinamia ardhi akichora kwa kijiti, na hakuulizwa pia.

Kwa kuwa ilikuwa mapema mno wakae nyumba moja, uliamuliwa mpango wa katikati. Rispa aje Nairobi apange chumba, mimi nilale kwake, baba aje Jumapili, mpaka wazee watakaporudi kumaliza maneno. Ndivyo nilivyohamia Kawangware, upande wa kituo cha matatu cha 46, katika ploti ya ajuza mmoja Mkikuyu tuliyemwita Shosho. Yeye alizaliwa pale pale, kabla ya vyumba vya kupangisha, na bado alikuwa na ng'ombe wawili nyuma ya nyumba na nyasi za kuwalisha. Kila asubuhi tuliamshwa na sauti yake akimgombeza ng'ombe, na Jumapili na nyimbo za kanisani kwake.

"Huyu mtoto umemzaa na sura yako yote," Shosho alimwambia Rispa siku ya kwanza.

"Si wangu, Shosho. Ni wa dada yangu."

"Wee! Kama dada ameenda, si ni wako tu?"

Rispa aligeuza karai na kulisugua kwa nguvu, ingawa lilikuwa safi.

Alipata nafasi kwa mafundi cherehani pale kituo cha 56, akishona vifungo na kupinda mikono ya sare za shule kutwa nzima. Alirudi vidole vimechomwachomwa na sindano, shingo imekakamaa. Aliteka maji mferejini, akapika, akanifulia. Halafu akajitupa kitandani akitazama mabati. Na mimi, kila jioni, nilikuwa namtazama yeye. Shingo ni ya mama. Mwanya wa meno ni wa mama. Jinsi ya kukaa, mguu mmoja umekunjwa chini ya mwingine, ni ya mama kabisa. Nilikuwa nimeambiwa ni mama, lakini wazee walikuwa wamesema tu, hawakupima. Na mimi nilijua ni nani anayepima.

Mwishowe habari ikaja kwamba Baba Mkubwa na wenzake watafika mwisho wa mwezi, jambo liishe. Rispa hakula jioni hiyo. Asubuhi alivaa gauni lake la kanisani.

"Vaa viatu," aliniambia. "Tunaenda kazini kwa baba yako. Nataka kuongea na yeye mbali na watu."

Alipotoka kuaga kwa Shosho, nilipanda kiti nikaitoa ukutani picha ya mama na kuificha ndani ya sweta. Njia nzima niliibana kwa mkono, hata tulipokuwa tunapanda kile kilima.

Baba alikuwa chumba cha ndani. Daktari alikuwepo mezani kwake na sinia zake mbili, kana kwamba hakuna kilichotokea duniani tangu nimwache. Sikumsubiri mtu. Nilimshika Rispa mkono nikamvuta mpaka dirishani kwenye mwanga, nikaweka picha mezani katikati ya wale ndege.

"Mwangalie," nilimwambia Daktari. "Ni yeye ama si yeye?"

Daktari alitazama picha. Akamtazama Rispa. Baba alikuwa ameshamweleza kuhusu msiba, niliona hilo usoni kwake.

"Mwanangu," alisema polepole, "hilo mimi siwezi."

"Lakini hata hujapima!"

Rispa alikuwa ameganda. Nilidhani atanipiga kofi. Badala yake alivuta kiti, akakaa, uso wake ukawa sawa na wangu. Alionekana amechoka kuliko siku zote.

"Muache Daktari," alisema. "Pima wewe. Ni wewe ulikuwa unamjua."

Nilichukua rula. Naona aibu na huruma nikikumbuka, lakini niliichukua kweli. Niliiweka kwenye paji lake la uso, nikaona sijui namba za mama za kulinganisha nazo. Nikaiweka chini. Nikamshika mkono. Mama alikuwa na kovu la mafuta ya moto hapa, juu ya kidole gumba. Huyu hana. Ana matundu ya sindano.

"Nini kingine?" Daktari aliuliza kwa sauti ya chini, ile ile aliyotumia kumuuliza baba kuhusu mabawa.

"Mama akitembea anavuta sendo zake miguuni. Huyu havuti."

"Na sauti?"

Nilitaka kusema ni ile ile. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Lakini nikakumbuka kwamba mama aliniita *nyathina*, mtoto wangu, kila siku, hata akinigombeza, hata pale hospitali alipokuwa akisema kwa kuvuta pumzi. Na huyu, wiki zote zile za Kawangware, aliniita "wewe." Hakuniita hivyo kwa ubaya. Neno lile halikuwa lake.

"Haniiti," nilisema.

Chini mahali fulani mtu alikuwa anafagia.

"Ni wawili," nilisema, nikaanza kulia, kilio ambacho sikulia kule ziwani, na wakati huo ndipo mama alipokufa kwangu.

Rispa naye alilia. Alinivuta kifuani kwa mara ya kwanza tangu tujuane, na juu ya kichwa changu nikamsikia akisema, sijui kwa nani, "Asante. Angalau kuna mtu amesema."

Baba alikuwa amesimama mlangoni ameshika sinia tupu kwa mikono miwili. Sijui alikuwa pale tangu lini.

Walikwenda kuongea nje, kwenye nyasi, na mimi nikakaa karibu ya kutosha kusikia. Hawakujali. Walionekana kama watu wawili waliobeba kitu kizito mpaka wakafika mahali pa kukiweka chini.

"Shemeji, mimi sitaki," Rispa alisema. "Hata mimi nilikuwa na maisha yangu kabla ya hii. Na wewe hutaki. Tunaogopa nani?"

"Nimechoka, Rispa," baba alisema. "Hata sijui kama ninataka ama sitaki. Ninarudi nyumbani, ninakaa, ninangoja maji ya kunawa. Halafu ninakumbuka."

"Mimi siwezi kukuletea hayo maji."

"Najua."

"Basi waambie wewe. Mimi nikisema watasema ni kiburi."

Wazee walikuja Kibera mwisho wa mwezi, wanne, wakajaa chumba chetu hadi magoti yakagusana. Rispa alikaa mlangoni. Baba Mkubwa alianza kwa maombi, akamaliza, akasema sasa wamekuja kuwasha moto katika nyumba ya Dorina.

Baba alikuwa mtu wa sauti ndogo. Ilibidi wanyamaze ili wamsikie.

"Rispa arudi kwa maisha yake," alisema. "Yeye si Dorina. Nyumba ya Dorina nitaishika mwenyewe."

"Wewe?" Baba Mkubwa alimtazama kama anayemtazama mgonjwa. "Utaishikaje? Unatoka asubuhi, unarudi jioni. Hapa nani atapika?"

Naikumbuka dakika ile vizuri, kwa sababu macho ya wazee yalizunguka chumba yakitafuta jibu, moja baada ya jingine, yakafika kwangu, yakatulia.

Walinuna, wakateta, mmoja akatoka nje akatema mate. Mwishowe wakaenda. Rispa naye akaenda, kwa sababu giza lilikuwa linakaribia na Kawangware ni mbali. Mlangoni alinishika kichwa kidogo, akashuka njia ya reli kwa hatua za haraka ambazo mama hakuwahi kuwa nazo. Alikaa Kawangware maisha yake yote. Alipata cherehani yake pale 56, akaolewa alipotaka na aliyemtaka, akazaa watoto ambao leo wamechoka kugawa nguo. Jumapili nyingi alikuja kutuona. Nilimwita Anti, akaniita Achieng', na tukapendana kwa njia yetu, ambayo ilikuwa nzuri.

Sijawahi kujuta yale niliyosema siku ile. Lakini nimekuwa mtu mzima sasa, nimelea ndugu za watu, nimeuguza wagonjwa wa watu, na nimejua kwamba mzigo ambao wazee walitaka kumtwika Rispa haukutupwa. Ulihama.

Jioni ile walipoondoka, baba alikaa kitandani na viatu miguuni. Hakuvivua. Nilingoja. Treni ikapita, vikombe vikagongana, ikaisha. Bado alikuwa amekaa vile vile. Basi nikamwekea maji kwenye beseni, nikawasha makaa, nikageuza kreti ya soda nikasimama juu yake ili nifikie sufuria. Nilikuwa nimeona ugali ukisongwa mara nyingi lakini sikuwahi kuushika mwiko. Unga ukafanya madonge. Nilisonga mpaka mikono ikawaka, nikaugeuza kwenye sahani, ukakaa umeinama upande mmoja.

Baba alinawa. Alikata tonge, akalibonyeza, akala. Nilikuwa namtazama mdomo. Ndani kulikuwa na unga mkavu, niliuona ukimwagika kwenye kidole chake.

"Umeiva," alisema.

Haukuwa umeiva. Tuliumaliza wote.